Kabla ya Kulipia Kozi ya Kompyuta Chuo Kikuu

Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanayotafuta makatibu mahsusi, utakuta sharti moja linajirudia: mwombaji, pamoja na hatimkato ya maneno 80 au 100 kwa dakika, awe na cheti cha mafunzo ya Windows, Microsoft Office, intaneti, barua pepe na Publisher kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Sharti hilo limewapeleka vijana wengi kwenye madarasa ya kompyuta. Siku hizi hawako peke yao humo. Wapo walimu wanaotakiwa kuwasilisha matokeo ya shule nzima kwa faili, wahudumu wa zahanati wanaojaza takwimu za wagonjwa kwenye mfumo, makarani wa vyama vya ushirika wa mazao, na wanafunzi wa uzamili waliofika sura ya nne ya tasnifu bila kujua waanzie wapi kuchambua data walizozikusanya kwa jasho.

Wote huuliza maswali yaleyale: niende wapi, nisome nini, cheti changu kitakubaliwa? Makala hii inajibu kwa upande wa vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, maana wananchi wengi hawajui kwamba wanaweza kusoma huko bila kuwa wanafunzi wa shahada. Na kuna jambo moja ninalotaka msomaji alishike tangu sasa. Cheti kitakufikisha kwenye usaili, lakini kwenye usaili wa vitendo utaketishwa mbele ya kompyuta na kuambiwa ufanye kazi. Kwa hiyo chagua kozi kwa kutazama kazi unayokwenda kuifanya, na uyapime mafunzo kwa saa ambazo wewe mwenyewe, si mwalimu, utakuwa umeshika kibodi.

Njia tatu za kuingia

Njia fupi kuliko zote ni kozi ya muda mfupi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kampuni yake, University Computing Centre, inayojulikana zaidi kama UCC, ambayo hufundisha programu za ofisi pamoja na mambo mengine ya kompyuta. Makao yake yako Dar es Salaam, na ina matawi mikoani, yakiwemo ya Dodoma, Arusha, Mwanza na Mbeya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kufundisha kwa masafa, kina vituo katika mikoa yote, na kwa mtu aliye kazini mbali na miji mikubwa huenda hicho ndicho chuo kikuu cha umma kilicho karibu naye kuliko vyote. Nenda kituoni ukaulize kozi fupi zinazotolewa msimu huo. Orodha hubadilika, na kituo hujua zaidi ya kile kilichobandikwa ukutani.

Njia ya pili ni somo la kompyuta lililomo ndani ya shahada nyingine. Anayesomea ualimu, uhasibu, kilimo au sosholojia mara nyingi hukutana nalo mwaka wa kwanza, na wengi hulipita juujuu kwa kuwa si somo la fani yao. Wanajinyima kitu cha thamani kubwa. Maabara ipo, mkufunzi yupo, na gharama yake imo ndani ya ada ambayo tayari imelipwa. Mwanafunzi huyohuyo, akishahitimu, hulazimika kulipa fedha mpya mtaani ajifunze kilekile alichokikimbia chuoni. Kama wewe ni mzazi wa kijana aliyeko mwaka wa kwanza, muulize kuhusu somo hilo kama unavyomuuliza kuhusu masomo yake makuu.

Njia ya tatu ni kusoma programu kamili ya cheti, stashahada au shahada ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya TEHAMA katika kampasi ya Kijitonyama. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki inayofahamika kwa kifupi kama CIVE. Vipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na, kwa upande wa visiwani, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Hapa panahitaji tahadhari. Shahada ya sayansi ya kompyuta haimfundishi mtu kutumia Word na Excel. Inafundisha kuandika programu, kupanga hifadhidata, kuunganisha mitandao, na hisabati iliyo chini ya hayo yote. Kijana anayependa kutumia kompyuta na kijana anayetaka kujua inavyotengenezwa wanahitaji madarasa tofauti. Nimeona familia zikijibana kulipia miaka mitatu ya shahada wakati kazi ambayo mtoto aliitamani ingehitaji miezi michache ya kozi fupi na mazoezi ya dhati. Nimeona pia kinyume chake: kijana mwenye kipaji cha kuandika programu akizungushwa kwenye vyeti vya Word mwaka hadi mwaka.

Kwa anayelenga shahada, sharti la jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Juu ya hapo kila programu ina masharti yake, na zile za kompyuta mara nyingi hutazama hisabati. Usitegemee ulichosikia mwaka jana. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Mikopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hutolewa kwa wanafunzi wa shahada na kwa baadhi ya stashahada. Kozi fupi hulipiwa na msomaji mwenyewe au mwajiri wake.

Kwa anayetaka ukatibu mahsusi hasa, niseme wazi kwamba chuo kikuu huenda kisiwe mahali pa kuanzia. Hatimkato hufundishwa Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho nacho ni cha Serikali. Kozi ya programu za ofisi ya chuo kikuu itaongeza nguvu, ila haitaziba pengo la hatimkato.

Cheti na fedha yako

Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU. Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya baraza lao, NACTVET. Kozi fupi ya wiki kadhaa kwa kawaida hutaiona kwenye orodha ya programu za TCU, kwa sababu orodha hiyo ni ya tuzo kamili. Kinachotambuliwa ni chuo kilichotoa cheti. Ndiyo maana jina la chuo, mhuri wake na saini ya ofisa wake ni lazima viwe kwenye karatasi yako, pamoja na mada ulizosoma na muda uliosoma. Cheti kinachosema tu kwamba fulani alihudhuria mafunzo ya kompyuta hakimwambii mwajiri chochote.

Malipo ya taasisi za umma hupitia mfumo wa Serikali kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontrol namba. Ukiambiwa utume ada kwenye namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo amevaa kitambulisho cha chuo, simama. Nenda ofisi ya uhasibu ya chuo ukaulize.

Kabla ya kuomba namba ya malipo, omba kuingia kwenye maabara. Hesabu kompyuta zinazowaka, kisha uliza darasa lina watu wangapi. Watu watatu kwenye kompyuta moja maana yake ni kwamba wawili wanatazama. Uliza kama maabara iko wazi baada ya kipindi, umeme ukikatika inakuwaje, na kama mtihani wa mwisho ni wa vitendo. Jibu la swali hilo la mwisho lina uzito kwangu kuliko mengine yote. Mtihani wa kuchagua A, B au C kuhusu sehemu za kompyuta hauwezi kuonyesha kama mtu anaweza kuandaa mishahara ya watu arobaini.

Anza na lahajedwali

Kozi nyingi huanza na kuwasha kompyuta, zikaenda Word, na kufika Excel wiki za mwisho kila mtu akiwa amechoka. Ningekuwa na uwezo ningegeuza mpangilio huo. Kuandika barua mtu hujifunza haraka. Lahajedwali, yaani Excel na ndugu zake, ndiyo inayomtofautisha karani anayetegemewa na karani wa kawaida, na ndiyo inayoficha makosa yanayoumiza watu.

Chukua mfano wa orodha ya wafanyakazi yenye namba za simu na namba za kitambulisho cha taifa, yaani za NIDA. Ukiandika 0754 na tarakimu zinazofuata bila kuacha nafasi, Excel huiona kama hesabu na kuiondoa sifuri ya mwanzo. Hilo utaliona mara moja. Kosa la NIDA ni baya zaidi kwa sababu ni la kimya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, nayo Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Ukiiandika bila vistari, tarakimu 5 za mwisho hugeuka kuwa sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi tena. Orodha ya wanachama mia mbili inaweza kuharibika hivyo bila mtu kujua, mpaka siku ya malipo. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuandika chochote, teua safu nzima, nenda kwenye aina ya namba, chagua Text. Mkufunzi ambaye hajawahi kukufundisha jambo hili, muulize.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani ikiandikiwa 03/04/2025 huielewa kuwa tarehe 4 Machi, wakati wewe ulikusudia tarehe 3 Aprili. Kwa daftari la chanjo au la marejesho ya mkopo, mwezi mzima umepotea. Rekebisha mpangilio wa tarehe wa kompyuta kabla ya kuanza, au andika mwezi kwa herufi.

Usidhani makosa ya namna hii ni ya wanaoanza tu. Mwaka 2020 nchini Uingereza, majibu 15,841 ya watu waliokutwa na virusi vya korona hayakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa wakati wake, kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mistari yake huishia 65,536. Faili la aina mpya, lililokuja na Excel 2007, lina mistari 1,048,576. Wataalamu walikuwepo, ila kikomo hicho hakikuzingatiwa.

Baada ya kujua kuingiza taarifa bila kuziharibu, jifunze kanuni chache kwa undani. Mwalimu wa sekondari mwenye maksi kwenye seli B2 anaweza kuandika =IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F")))) kisha akaivuta hadi chini, na darasa zima likapata madaraja yake kwa mara moja. Mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, anayeweka riba ya kikundi kwenye seli F1 na kuandika =C2*$F$1 ataweza kuivuta kanuni hiyo kwa wanachama wote bila riba kuhama, maana alama za dola huishikilia seli ile mahali pake. Siku kikundi kikikubaliana kubadili riba, atabadilisha seli moja tu. Karani wa ushirika mwenye mistari elfu kadhaa ya mapokezi ya korosho atumie PivotTable, ajue kila kijiji kimeleta kilo ngapi. Nenda darasani na daftari lako halisi la kikundi, la shule au la duka, umwombe mkufunzi mlijenge pamoja. Mazoezi ya kitabuni husahaulika, lakini daftari unaloliwajibikia kila mwezi utalirudia mpaka likae kichwani.

Ukurasa, barua na tasnifu

Kwenye Word, mambo matatu hupuuzwa mno. La kwanza ni mitindo ya vichwa, ile inayoitwa Heading 1, Heading 2 na kuendelea. Anayeitumia hupata yaliyomo kwa kubofya mara moja, na namba za kurasa hujirekebisha zenyewe. Asiyeitumia huandika nukta mstari mzima kwa mkono, na kila msimamizi anapoongeza aya moja kazi inaanza upya. La pili ni kugawa waraka kwa sehemu, ili kurasa za mwanzo za tasnifu ziwe na namba za Kirumi na sura ya kwanza ianze na 1. La tatu ni Mail Merge: ofisi ya shule inayoandikia wazazi 300 barua yenye jina la kila mtoto na deni lake haina sababu ya kuchapa barua 300. Orodha hukaa kwenye Excel, barua moja hukaa kwenye Word, na programu huunganisha.

Publisher imo kwenye masharti ya matangazo ya kazi niliyoyataja, hivyo ijue kiasi cha kufaulu usaili. Ila Microsoft imeshatangaza kuacha kuihudumia programu hiyo Oktoba 2026, kwa hiyo usitumie nguvu zako nyingi hapo.

Kwa wanafunzi wa utafiti, mazungumzo hugeukia SPSS. Programu hii ilizaliwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1968, na tangu 2009 iko mikononi mwa IBM. Leseni yake ni ghali kwa mtu binafsi, ndiyo maana nakala za wizi zimejaa kwenye flashi za watu, nyingi zikiwa na virusi. Kama chuo chako kina leseni, itumie maabara. Kama hakina, kuna PSPP inayofanana nayo sana, na kuna R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand. Zote mbili ni za bure kihalali. R huhitaji uvumilivu mwezi wa kwanza, lakini inafika mbali. Kukusanya majibu kwa simu kijijini, KoboToolbox hufanya kazi hata pasipo mtandao na kutuma baadaye. Marejeleo yawekwe kwenye Zotero tangu siku ya kwanza ya kusoma, si usiku wa kuamkia kuwasilisha.

Hapa nasema kwa uchungu. Desturi ya kumpelekea mtu wa steshenari hojaji zako ili akufanyie uchambuzi inawaumiza wanafunzi wetu. Siku ya kutetea tasnifu, jopo litauliza kwa nini ulichagua kipimo hiki na si kile, na mtu wa steshenari hatakuwepo. Kulipa kwa ajili ya kufundishwa ni haki yako. Keti naye, yeye aelekeze, wewe ubofye.

Wanaosomea ardhi, mipango miji, misitu au afya ya jamii waangalie pia QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu kuchora ramani za kata zinazofurika maji, mitaro na nyumba zikiwemo, kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Wanafunzi wale walijifunza programu kwa kazi ambayo jiji lilikuwa linaihitaji. Mradi wa namna hiyo ukitangazwa chuoni kwako, jiandikishe.

Kompyuta, lugha na siri za watu

Ukinunua kompyuta mpakato iliyotumika, tafuta yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD; vitu hivyo viwili huamua kasi kuliko ukubwa wa kioo. Kumbuka Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kama mashine inakubali Windows 11. Kama huna fedha ya Office, LibreOffice ni ya bure na hufungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio mgumu huweza kuyumba kidogo. Chuo kikikupa barua pepe yake, uliza kama inakuja na Office ya mtandaoni, maana vyuo vingi duniani huipata bila malipo. Akaunti hiyo ni mali ya chuo. Kabla ya kuhitimu hamisha mafaili yako yote.

Mafunzo mengi hutolewa kwa Kiingereza, na menyu za programu ziko kwa Kiingereza. Hilo huwatia hofu watu wazima wenye akili timamu kabisa, wakajiona hawafai. Hofu hiyo haina msingi. Amri unazohitaji kila siku hazizidi hamsini, na zinakaa palepale siku zote. Andika daftari lako mwenyewe kwa Kiswahili: amri, mahali ilipo, kazi yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo lugha yetu haijawahi kushindwa kazi hii. Mkufunzi anayekataa swali kwa sababu limeulizwa kwa Kiswahili anakunyima ulichokilipia.

Zana za akili mnemba sasa zinaweza kukuandikia kanuni ya Excel kwa kuelezwa tu. Zitumie, lakini jaribu kanuni hiyo kwanza kwa mistari mitano ambayo jibu lake unalijua. Na usizipelekee majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi au namba za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamgusa karani wa zahanati kama inavyoigusa benki. Faili lenye taarifa za watu lifungwe kwa nywila, na lisibaki kwenye kompyuta ya maabara au ya steshenari.

Ikiwa uko kazini, usikimbilie kulipa mwenyewe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai, na mipango ya mafunzo hupangwa miezi kadhaa kabla. Andika barua ya kuomba ruhusa na gharama mapema, kupitia kwa mkuu wako wa idara. Ambatisha mchanganuo wa ada uliotolewa na chuo, mada za kozi na ratiba yake, kisha utaje kazi moja ya ofisi ambayo kwa sasa inachukua siku nyingi na ueleze utaifanyaje ukirudi.